Daftari la Mwanachuo Lisiseme Uongo

(Hotuba kwa walimu, watumishi wa kata na wanachuo wa mazoezi ya kufundisha, Mazingara, Handeni)



Mmeniita niseme juu ya sanaa na tafakuri katika elimu ya juu. Nitaanza na karatasi mliyo nayo mezani kila siku, andalio la somo. Chini yake pana nafasi ya tathmini na maoni, na humo sote tumezoea kuandika: "Somo limeeleweka vizuri." Nimeiandika mimi mwenyewe, hata siku ambazo nusu ya darasa ilikuwa ikitazama mvua dirishani.

Nilipokuwa mwanachuo, mwenzangu mmoja aliandika ukweli, kwamba watoto hawakumwelewa, na kwamba kosa lilikuwa lake. Alipunguziwa alama. Sisi tulioongopa tulisifiwa. Chuo chenyewe sikitaji. Nasema tu kwamba toka siku ile hatukuhitaji kufundishwa tena namna ya kujaza nafasi ile.

Sasa tazameni njia nyingine. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walichunguza matatizo ya kijiji pamoja na wenyeji, ikiwamo mimba za wasichana, wakaunda maonyesho kwa ngoma na michezo ya watu wenyewe, na baada ya maonyesho yakafuata majadiliano. Hapo ndipo penye elimu, ndugu zangu. Msomi aliyekosea kukielewa kijiji huambiwa papo hapo, mbele ya watu, na wale wanaokijua. Hawezi kujibu kwamba somo limeeleweka.

Mwanachuo aliyeletwa Mazingara ana bahati kama hiyo. Hapa pana wakulima na wafugaji, kila upande na madai yake juu ya ardhi na maji. Pana wazee wenye hadithi za Kizigua ambazo maktaba ya chuo haina. Waacheni watoto watunge mchezo wa dakika kumi juu ya jambo wanalolijua, kisha waulizeni wazazi wao kama ndivyo lilivyo. Usiku mwanachuo aandike alichodhani asubuhi, na kilichombadilisha mawazo ifikapo jioni.

Najua mtaniuliza, muda uko wapi, na mtihani je? Swali ni la haki, na sina dawa ya mtihani. Lakini siombi kipindi kipya. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumelaumu elimu ya kukariri, huku tukiendelea kumpa alama aliyekariri hata maoni yake mwenyewe. Ombi langu lawaelekea zaidi wakufunzi na wakaguzi: mwanachuo akiandika kwamba ameshindwa, na akaeleza sababu, asipunguziwe hata alama moja kwa ajili hiyo. Mkimpunguzia, wenzake wote watasikia kabla jua halijatua.

Nitakuwapo hapa hadi jioni. Mwanachuo atakaye kunionyesha daftari lake na alilete kama lilivyo, bila kulinakili upya.