Deni la Ushuru Halizeeki

Hotuba kwa wenye nyumba na wapangaji wa mitaa ya Eastlands, Nairobi



Katika mitaa yetu, tangu Umoja na Kayole mpaka Pipeline, neno kodi lina maana mbili. Leo nitaita kodi zile fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba, na ushuru zile ambazo mwenye nyumba huilipa Serikali.

Wako wasemao kwamba miaka mitano ikipita, ushuru usiolipwa hufutika. Maneno hayo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki yaweza kumtia mtu hasarani.

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 yaipa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya miaka mitano ya kumkadiria mtu ushuru, au kuyasahihisha makadirio yake. Baada ya hapo mlango hufungwa, isipokuwa kwa aliyedanganya, aliyekwepa au aliyepuuza kwa makusudi. Huyo hana muda unaomkinga. Lakini deni lililokwisha kukadiriwa ni jambo jingine. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, humzuia mdai wa mkataba asiende mahakamani baada ya miaka sita. Serikali inapodai ushuru, sheria hiyo haiizuii.

Na tutazame mfano. Mwenye vyumba 10, kila kimoja shilingi 5,000, hupokea shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa kiwango kilichowekwa tangu Januari 2024, yaani asilimia 7.5, ushuru wake ni shilingi 3,750, nao hulipwa kabla tarehe 20 ya mwezi ufuatao haijapita. Asipolipa, huongezwa faini ya asilimia 5, tena riba ya asilimia 1 kila mwezi, mpaka riba ilingane na ushuru wenyewe. Kwa miaka minne, ushuru peke yake umekuwa shilingi 180,000.

Hapo Mamlaka yaweza kuiandikia benki yake, au wapangaji wake, kwamba fedha zake zipelekwe Serikalini. Mpangaji apatapo barua hiyo asiitupe. Asipoitii bila ya sababu nzuri, aweza kudaiwa yeye mwenyewe. Mali ya mdaiwa yaweza kukamatwa ikauzwa, naye akazuiwa kutoka nchini.

Lakini mlipa ushuru naye ana haki zake. Akiona makadirio si sawa, na apeleke pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30. Jibu lisipomridhisha, ana siku 30 nyingine za kukata rufani kwa Baraza la Rufani za Ushuru. Asiyeweza kulipa mara moja aombe kulipa kwa mafungu. Na kila mmoja azihifadhi stakabadhi zake kwa miaka mitano, kwa kuwa ndizo shahidi wake.

Basi barua ikija, ifunguliwe siku ile ile. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Na dawa hii hupanda bei kila mwezi.