Wavuvi wa Tanga Waandikwe Kabla Mafuta Hayajamwagika

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wavuvi na wenye boti za kukodi mjini Tanga.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kusafisha pwani iwapo mafuta yatamwagika baharini. Wengi wenu mngetaka nianze na mvuvi wa jarife au wa ngalawa, maana ndiye aliye wengi. Nitamfikia. Lakini naomba nianze na wenye boti za kukodi, wale wanaowachukua wageni kwenda kuvua kwa mshipi, kwa sababu wao ndio watakaoumia wa kwanza, na kuumia kwao kuna mafunzo kwetu sote.

Mkondo wa Pemba una kina kirefu sana karibu na pwani yetu. Humo hupita nduwaro, sulisuli, jodari, nguru na faulusi. Wenzetu wa Shimoni, upande wa Kenya, wamekula matunda ya mkondo huo kwa miaka mingi, na hapa kwetu zimo boti za kazi hiyo Tanga mjini na Pangani. Mgeni hulipa kwa siku. Katika malipo hayo anakula nahodha, anakula baharia, muuza chambo, fundi wa mashine na mama mwenye mgahawa. Sasa mgeni huyo hakuja kutafuta kitoweo. Akisikia tu kwamba mafuta yamemwagika Tanga, hata kama yamemwagika mahali asipofika, atafuta safari yake na kwenda kwingine. Mwenye boti atakuwa amepoteza msimu mzima hali bahari mbele yake ni safi kama kioo. Hasara yake haina harufu wala rangi, na kwa hiyo ni rahisi kukataliwa na wenye kulipa.

Hayo yamekwisha kutokea. Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon uliripuka katika Ghuba ya Meksiko, nchini Marekani. Watu 11 walikufa, na kisima kilitapika mafuta hadi tarehe 15 Julai. Serikali ya Marekani ilifunga maji kwa uvuvi, na ilipofika mwezi Juni zaidi ya theluthi moja ya maji ya ghuba hiyo yaliyo chini ya serikali kuu yalikuwa yamefungwa. Manahodha wa boti za kukodi walibaki gatini. Ndipo kampuni ya BP ilipoanza kuwaajiri wao na boti zao kwa kazi ya kutafuta mafuta na kuvuta maboya ya kuyazuia. Maelfu ya vyombo viliingia katika kazi hiyo. Boti ilipata kati ya dola 1,200 na dola 3,000 kwa siku kwa kadiri ya urefu wake.

Msikiapo fedha hizo msishangilie mapema. Yalizuka malalamiko kwamba vyombo vya starehe vya watu wasiopata kuishi kwa samaki viliitwa kazini huku boti za wavuvi hasa zikingoja zamu. Ulipofika wakati wa fidia, wavuvi waliambiwa kwamba ujira walioupata kwa kusafisha utatolewa katika fidia yao. Yaani mtu aliyekwenda kuvuta mafuta juani, akivuta pumzi ya sumu, alihesabiwa sawa na yule aliyekaa nyumbani! Jambo hilo lilibishaniwa kwa muda mrefu. Tena wako wavuvi, wengi wao wahamiaji kutoka Vietnam, waliokuwa wakiuza kamba na samaki kwa fedha taslimu bila stakabadhi. Hao walipata taabu kubwa kuthibitisha walikuwa wakipata nini kabla ya mafuta kufika. Nani kati yetu hapa anauza kwa stakabadhi?

Turudi nyumbani. Tarehe 5 Agosti 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi katika kijiji cha Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulitolewa Februari 2022. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania. Mwisho wake ni matangi ya Chongoleani, yenye nafasi ya kuhifadhi mapipa milioni 2, na gati refu lililoingia baharini ili meli kubwa zipakie. Shirika letu la Maendeleo ya Petroli lina hisa asilimia 15. Hiyo ni mali yetu na sikuja kuipinga. Ila mwenye mali ana wajibu wa kuijua mali yake, pamoja na madhara yake.

Mafuta ya Uganda si kama petroli mnayotia katika mashine. Yana nta nyingi. Ndiyo sababu bomba lenyewe linapashwa moto njia nzima, joto likiwekwa karibu nyuzi 50, maana yakipoa yanaganda. Maji ya bahari yetu hayafiki joto hilo hata mwezi Februari. Kwa hiyo mafuta haya yakimwagika hayatatandaa kama mafuta ya taa juu ya karai. Yataganda yawe mabonge na mapande yanayoelea. Dawa za kunyunyiza, ambazo nchi nyingine huzimwaga kwa ndege, hazifanyi kazi vyema juu ya mafuta yaliyoganda, na mabomba ya kunyonya huziba. Kinachofaa ni nyavu, sepetu, na vyombo vidogo vyenye watu wanaojua kusogea penye miamba na vijito bila kupasua ngama. Vyombo hivyo viko Sahare, viko Tongoni, viko Moa. Havitatoka Ulaya.

Hapa nitasema jambo ambalo pengine baadhi ya wakubwa hawatalipenda. Mpango wa dharura uliotiwa kabatini bila majina ya manahodha wa madiko haya haujakamilika, hata uwe na kurasa ngapi. Anayejua kwamba maji ya kupwa hutoka kwa nguvu kati ya kisiwa na kisiwa ni mvuvi. Anayejua kijito kipi cha mikoko kinaingilika kwa dau na kipi kwa miguu ni mvuvi. Na mikoko haisamehe. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka Mombasa, mafuta yakaingia katika kijito cha Makupa na mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli iitwayo Ratna Shalini ilivujisha mafuta katika bandari hiyohiyo, na mikoko ya Port Reitz ikapatwa. Mizizi ya mkoko ndiyo pua yake. Ikizibwa mti hufa. Watu wakiingia humo kwa wingi, wakiwa na nia njema na mabuti makubwa, huyakanyagia mafuta ndani ya tope yakakaa miaka. Kazi ya maana ni kuyazuia nje, kabla hayajaingia kijitoni, na hiyo ni kazi ya saa chache za mwanzo.

Kisiwa cha Morisi kilijifunza hivyo kwa uchungu. Meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020. Ilikaa juu ya mwamba siku 12 ndipo mafuta yakaanza kuvuja, na karibu tani 1,000 zikaingia baharini. Wananchi hawakungoja. Walishona mifuko mirefu, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakafunga chupa tupu ili ielee, wavuvi na manahodha wa boti za watalii wakaivuta. Ulikuwa ushujaa. Lakini waliingia katika mafuta mazito bila mafunzo, wengi bila vifaa vya kujikinga. Ninyi wenyewe mnajua ukali wa harufu ya petroli katika tangi la mashine. Mafuta ghafi yanapotoka mapya hutoa mvuke mbaya kuliko huo. Baada ya msiba wa Ghuba ya Meksiko, wataalamu wa Marekani waliwaandikisha watu zaidi ya 32,000 walioshiriki kusafisha au waliofunzwa kazi hiyo, ili wafuatilie afya zao. Sisi tungewafuatiliaje watu ambao hatuna hata orodha yao?

Nchi iliyolitatua jambo hili kwa njia ya kueleweka ni jimbo la Alaska. Huko meli Exxon Valdez ilipasuka tarehe 24 Machi 1989, na wavuvi wakadhalilika. Mwaka 1994 baraza la mahakama liliwapa dola bilioni 5 za adhabu dhidi ya kampuni. Kampuni ikakata rufani juu ya rufani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikazipunguza hadi kiasi cha dola milioni 507. Hesabuni miaka: karibu 20. Wako waliokufa wakingoja. Lakini katika shida hiyo lilizaliwa jambo jema. Mamia ya vyombo vya uvuvi vya huko vina mkataba wa kudumu na kituo cha kupakia mafuta, na kila mwaka wavuvi hufundishwa kwa kulipwa namna ya kuvuta maboya na kukusanya mafuta. Mkataba unatiwa sahihi bahari ikiwa safi, wakati mvuvi ana sauti ya kukataa bei mbaya.

Hicho ndicho ninachokiomba Tanga. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyopo madikoni, pamoja na wenye boti za kukodi, viingie mkataba sasa na wenye kituo cha Chongoleani, mbele ya Serikali. Mkataba utaje ujira wa chombo kwa siku, nani analipa mafuta ya mashine, nani anamtibu baharia, na nani analipa wavu uliochafuka, maana wavu ulioingia mafuta haurudi baharini. Na utaje waziwazi kwamba ujira wa kusafisha hautakatwa katika fidia ya uvuvi uliopotea. Boti za kukodi zina mashine kubwa na redio, zifanye kazi ya nje; mashua na ngalawa zifanye kazi ya ndani. Mpaka wenyewe hausaidii mtu. Wakati wa kusi mkondo wa maji hukimbilia kaskazini na upepo unasukuma kuelekea nchi kavu. Mafuta yatapita Kwale, Moa na Jasini, kisha yatakuwa Vanga na Shimoni. Wavuvi wa pande hizo mbili wanajuana kwa majina. Ni vyema nao wapewe namna ya kuitana rasmi.

Juu ya fidia nitasema kwa ufupi, ingawa ndipo penye kitanzi. Uko Mfuko wa Kimataifa wa Fidia ya Uchafuzi wa Mafuta, na Tanzania ni mwanachama. Mfuko huo hulipa mafuta mazito yakitoka katika meli ya mafuta, pale bima ya mwenye meli isipotosha. Hulipa hata boti ya watalii iliyokosa wageni na mvuvi aliyevua kwa kula tu. Lakini haulipi mafuta yaliyotoka katika tangi la nchi kavu au bomba. Hapo mnarudi kwa mwenye mtambo na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Petroli nayo haimo, kwa kuwa hupukuka upesi. Madai yana muda wake, miaka 3 tangu hasara itokee. Na mahali ambapo sheria inadai leseni, aliyevua bila leseni asitarajie kitu. Nawaambieni haya vijana mnaokwepa leseni mkidhani mmeshinda.

Mfuko hutaka ushahidi, na ushahidi mzuri kuliko wote ni daftari lililoandikwa kabla ya msiba. Asiye na daftari anaweza kusikilizwa, ila atasikilizwa kwa shida na atapewa kwa kukisiwa.

Katika daftari hilo wasisahauliwe kina mama. Wao hawana chombo chenye namba. Wanachokoa pweza maji yakipwa, wanalima mwani, wanaokota chaza. Mafuta yakigonga pwani, yatatua hasa pale wanapofanyia kazi, na hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba walikuwapo. Wapo watakaosema ile ni shughuli ndogo ya mboga tu. Wenye kusema hivyo wakaulize madikoni ada ya shule inatoka wapi samaki wanapoadimika.

Nimekuja na mfano wa ukurasa mmoja, uliopigwa mistari. Una nafasi ya tarehe, jina la mtu au chombo, namba ya leseni, mahali alipovua, aina ya samaki, kilo, bei, na sahihi ya mnunuzi. Kwa boti za kukodi kuna nafasi ya safari zilizowekwa na zilizofutwa, na sababu yake. Karatasi itapitishwa mezani; naomba makatibu wa vikundi wainakili kabla hatujaingia katika maswali.