PIPA TUPU SI TUPU

Siku hizi vijijini mwetu petroli imezoeleka kama maji. Inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, fundi pikipiki anaoshea vipuri, na mwenye pampu ya bustani anaiweka chini ya kitanda.

Jioni moja ndugu mmoja, fundi wa kuchomelea, alituuliza darasani: "Mwalimu, pipa nimelimimina lote, halina hata tone. Sasa hatari iko wapi?" Mikono yake ina makovu ya moto. Darasa zima likanyamaza.

Jibu ni hili. Kinachowaka hasa si petroli yenyewe, ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke huo hata wakati wa baridi. Nao ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini mpaka kwenye jiko, ukashika moto na kuurudisha ulikotoka. Pipa lililomiminwa hubaki na mvuke uliochanganyika na hewa. Cheche moja tu, linalipuka!

Tukumbuke Morogoro. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu. Watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Basi tufanye nini?

1. Tusichomelee wala kukata kwa moto pipa lililowahi kutiwa petroli.

2. Tusiiweke petroli ndani ya nyumba wala karibu na jiko. Tusiitie kwenye chupa za soda, maana mtoto atadhani ni kinywaji.

3. Tusinyonye mpira kwa mdomo. Aliyemeza petroli asitapishwe, apelekwe zahanati upesi.

4. Kabla ya kutia mafuta, tuzime injini, ipoe. Sigara iwe mbali.

5. Petroli ikiwaka, tusimwage maji. Petroli huelea juu ya maji, na moto husambaa. Tumwage mchanga. Nguo ikishika moto, usikimbie; lala chini, ubingirike.

Yule fundi sasa hapokei tena mapipa ya petroli. Anasema fedha anazokosa ni kidogo, mikono aliyobaki nayo ndiyo inayolisha watoto.

Je, kijijini kwenu petroli inawekwa wapi? Jadilianeni darasani, kisha mtuandikie.