Nani Alikuwa Nawe Msimu Ule? Hofu ya bipola na safari ya kutafuta jibu katika delta ya Rufiji



Niliombwa nizungumzie afya ya akili mkoani Pwani kwa jumla. Mtaniwia radhi, nitazungumzia sentensi moja tu. Mwanafunzi wetu alileta kwenye semina pendekezo la utafiti juu ya vijana wa delta ya Rufiji wanaojihofia kuwa na ugonjwa wa bipola na hawajui waulize wapi. Msomi mmoja ninayemheshimu akamkata kauli: "Mvuvi wa Salale hana muda wa kuwa na bipola." Ukumbi ukaangua kicheko, na pendekezo likafia palepale. Mhadhara huu ni jibu langu.

Bipola yenyewe siielezi kwa urefu, wengi hapa mnaifundisha. Ina pande mbili. Upande wa sonona ni wiki mbili au zaidi za huzuni au za kukosa hamu ya lolote, mwili mzito, usingizi umeharibika, na pengine fikra za kujiua. Upande wa mania ni siku 7 au zaidi za nguvu zisizo na kizuizi: mtu analala saa mbili na haoni uchovu, maneno yanamtoka mbio, anagawa mali, anaanzisha mambo kumi na halimalizi hata moja. Ipo pia mania ndogo, ya siku 4 na kuendelea, ambayo haimwangushi mtu, na mara nyingi majirani huisifu. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha ugonjwa huu. Vipimo tunavyochukua ni vya kuondoa mengine: malaria iliyopanda kichwani, kifafa, tezi ya shingo, VVU, bangi. Bipola hutambuliwa kwa historia ya mgonjwa, na juu ya historia hiyo ndipo ugomvi wangu wote ulipo.

Sentensi ya mwenzangu inadai mambo mawili: kwamba maradhi haya ni ya watu wenye nafasi, na kwamba anayejihofia ameyaokota kwenye simu. Dai la kwanza lina ukoo, na mkuu wa ukoo huo ni John Colin Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wake juu ya Waafrika waliolazwa pale, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Alidai kwamba sonona ni adimu kwetu kwa kuwa Mwafrika habebi dhamana na hajilaumu. Akafika hadi kutufananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha ripoti yake juu ya Mau Mau, iliyotafuta chanzo cha vita ndani ya nafsi za Wakikuyu kuliko katika ardhi yao iliyochukuliwa.

Kumtukana Carothers kwa ubaguzi wake ni rahisi, na wengi wamefanya hivyo kabla yangu. Mimi nataka tumkamate kwenye hesabu. Alihesabu watu wapi? Getini. Na nani alifikishwa kwenye geti la Mathari miaka ile? Aliyevunja, aliyepiga, aliyevua nguo sokoni, aliyekamatwa na askari akapelekwa kwa hakimu. Mama aliyejifunika gubigubi kwa miezi miwili huku shamba likiota majani hakuvunja kitu cha mtu, na hakuna askari aliyemfuata. Hata yule aliyeletwa akiwa kwenye mania angeweza kuandikwa kichaa basi, kama hapakuwa na ndugu wa kumwambia daktari kwamba mwaka juzi huyuhuyu hakuinuka kitandani. Nusu ya historia ilibaki kijijini. Ukiitoa nusu moja ya bipola, iliyobaki utaiita jina lingine, kisha utatangaza kwamba bipola haipo. Carothers alipima uwezo wa geti kuchuja watu, akayaita majibu yake akili ya Mwafrika.

Watafiti waliotoka nje ya geti waliona mengine. Margaret Field alikwenda kukaa penye matambiko ya vijijini Ghana, na kitabu chake cha 1960 kimejaa wanawake wanaojishutumu kuwa wachawi. Kujilaumu kulekule Carothers alikosema hatuna, Field alikukuta kumepiga foleni mbele ya kuhani. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo kutoka vijiji viwili vya Uganda, na sonona huko ilikuwa nyingi kuliko Camberwell, London.

Lakini chanzo ninachokipenda kuliko vyote ni utafiti wa Butajira, kusini mwa Addis Ababa. Wanafunzi wangu hunitania kwamba nikiulizwa saa nitajibu Butajira. Na wanitanie. Watafiti wa Ethiopia walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya wakulima, wakawahoji zaidi ya watu 68,000 wa miaka 15 hadi 49. Sambamba na hilo waliwauliza wenyeji wanaojua habari za watu: nani hapa ana matatizo ya akili? Waliotajwa, pamoja na waliogunduliwa kwenye mahojiano, wakaonwa na madaktari. Matokeo ya bipola yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuwa watu mia tatu na ushei, takriban mmoja katika kila watu 200, na wengi wao walianza kuugua wakiwa na miaka ishirini na kidogo. Wengi hawakuwa wamewahi kupata tiba ya kisasa. Uchunguzi wa nchi 11 uliochapishwa mwaka 2011 ulipata asilimia 0.6 kwa bipola yenye mania kamili. Yaani hesabu ni karibu ileile, kwa wenye ofisi na kwa wenye jembe. Mkulima wa Butajira alipata muda. Mvuvi wa Salale akose kwa nini?

Tena delta ina yake. Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayojulikana sana kwa kuamsha mania kwa mwenye mwelekeo huo. Mpunga ukianza kukomaa, familia huhamia shambani, hupanda kwenye dungu, na kazi ni ndege mchana, nguruwe usiku. Mvuvi naye hutoka kwa kufuata maji, na maji yakitaka saa nane usiku, saa nane anatoka. Kama ningetaka kubuni maisha ya kumkosesha mtu usingizi, nisingefika mbali na hapo. Ila msinitarajie niseme kwamba hisia za mgonjwa hujaa na kupwa kama maji ya Nyamisati. Watu wa semina huupenda sana mfano huo, nao unapotosha. Bamvua lina tarehe, na mvuvi analijua kabla halijafika. Bipola haina tarehe, na mtu anaweza kukaa mzima miaka kadhaa katikati ya vipindi viwili.

Sasa dai la pili, la simu. Ni kweli vijana wameisikia bipola kwenye simu. Chandarua nacho tulikisikia redioni, na hatukuambiwa tunaiga. Wengi wanaojihofia hawatakutwa na bipola. Mmoja atakutwa na msiba usiokwisha, mwingine ana shamba lililozolewa na mafuriko ya 2024, mwingine ana sonona peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya kuwasikiliza, kwa kuwa kukosea hapa kuna gharama. Mwenye bipola hutafuta msaada akiwa chini. Akiwa juu haendi popote, maana anajiona mzima kutushinda sote. Tabibu akisikia huzuni tu ataandika dawa ya sonona, mathalani amitriptilini, na dawa hiyo ikitumika peke yake inaweza kumrusha mgonjwa kwenye mania.

Niliwahi kukaa na tabibu siku ya kliniki, kituo sikitaji. Aliingia kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, viganja vimekomaa kwa kasia. Alikuwa amesoma habari za bipola na zimemtia hofu. Tabibu akamuuliza kama amewahi kuwa na kipindi cha nguvu na furaha kupita kiasi. "Hapana, daktari." Hakudanganya. Mania ndogo hukumbukwa kama afya njema. Dada yake alikuwa ameachwa nje kwenye benchi, kapu mapajani. Kwa ridhaa ya kijana, akaitwa.

"Mdogo wangu, umesahau? Ule mwaka kabla ya mafuriko, mpunga umeanza kuinama. Si wewe uliyelinda mashamba ya watu wanne bila ujira, unapiga debe mpaka jua linatoka? Si wewe uliyekopa ununue mashine ya boti, na boti hatuna?"

Kijana akacheka kwa haya. "Ile nilikuwa mzima, dada."

"Ulikuwa hulali. Tangu mpunga kuinama mpaka tunapura, hulali. Tulipomaliza kupura ndipo ukalala, na ulipolala hukuamka mpaka watu wanaanza kulima tena."

Kwa maneno hayo machache tabibu alipata pande zote mbili, urefu wa kila upande, na ni upi uliotangulia. Dodoso lililokuwa mezani lilikuwa na jibu moja: hapana.

Hapa ndipo naitazama upya takwimu ya nyumbani. Mwaka 2003 watafiti Ngoma, Prince na Mann walichapisha ulinganisho kutoka Dar es Salaam: miongoni mwa waliokwenda kwenye vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida. Miongoni mwa waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48. Wengine huisoma kama ushahidi wa ujinga wa wananchi. Mimi naona kwamba kwa fundi, yaani mganga wa jadi, mtu haendi peke yake. Anakwenda na shangazi, na fundi anauliza ilianza lini, baada ya jambo gani, nani alikuwepo. Tiba yake siitetei. Kupunga pepo kwa ngoma za kukesha kunamnyima mtu wa mania usingizi, kitu kilekile anachokihitaji. Lakini katika kuuliza ametuzidi.

Najua pia nitaulizwa kama Kinjekitile wa Ngarambe, mganga wa vita vya Maji Maji, alikuwa na bipola. Huulizwa kila nikitaja Rufiji. Simulizi zilizohifadhiwa na wanahistoria Gwassa na Iliffe zinasema alishikwa na pepo, akajiburuta kwa tumbo hadi majini, akazama, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Hiyo ilikuwa 1904, na tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Mohoro. Mimi siagui maiti. Kupandwa na pepo usiku mmoja si bipola kwa marehemu wala kwa aliye hai. Ningehitaji kujua alilalaje mwaka mzima uliotangulia, na shahidi wa hilo hatunaye.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Ndugu huficha kwa aibu. Ndugu wengine wana maslahi: kumwita mtu kichaa ni njia ya zamani ya kumnyang'anya shamba, na mke anayebishana na mumewe ataelezwa kuwa ana wazimu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, basi familia inanyamaza. Hata Butajira yangu inanishitaki: mahojiano ya nyumba kwa nyumba yaliwapata wagonjwa wa hisia ambao wenyeji hawakuwataja, kwa kuwa jirani humwona anayepiga kelele na kumpita aliyenyamaza.

Nakubali yote hayo. Kwa hiyo mgonjwa asikilizwe kwanza, peke yake, na shahidi amchague mwenyewe. Akiweza alete wawili, mmoja asiye na haki katika urithi wake. Lakini sirudi nyuma. Kwa mtu wa delta, mwaka wa mpunga ni kalenda ya ugonjwa, na aliyelala naye dungu moja ni shahidi bora kuliko dodoso lolote lililotungwa mbali.

Kwa kijana anayejihofia, nina maneno machache. Usijipe jina la ugonjwa, na usiazime vidonge vya mtu. Andika kwenye daftari ulilala lini na hukulala lini, ulitumia nini, ulikopa nini. Mtafute aliyekuwa nawe msimu ule, mwende pamoja, na tabibu asipouliza juu ya upande wa pili, mwambieni. Zahanati ikishindwa, hospitali ipo Kibiti, ipo Tumbi pale Kibaha, ipo Muhimbili. Ukiandikiwa litiamu, damu yako lazima ipimwe mara kwa mara, maana jasho jingi na kuharisha hupandisha kiwango chake hadi kuwa sumu. Mwanamke anayeweza kupata mimba aulize kabla ya kukubali valproeti, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Na ukianza kupata nafuu, usiache dawa bila kuonana na daktari. Ukisumbuliwa na fikra za kujiua, usingoje kliniki: mwambie mtu leo, akupeleke.

Kwa serikali ombi langu ni dogo. Kila faili la mgonjwa wa akili wilayani Kibiti na Rufiji liwe na mistari miwili zaidi: nani alikuwa naye, na mashambani kulikuwa na kazi gani wakati ule. Wenzangu watasema huo si utaalamu. Siku watakaponionesha dodoso linalojua mpunga uliinama lini, tutazungumza upya.