Ukiachishwa Kazi, Siku 30 Hazikusubiri Umalize Kulia

(Maneno niliyozungumza na vijana wenzangu, Kyela mjini)



Nimeombwa niongee kuhusu sheria ya kazi. Naomba nianzie moyoni, maana kesi nyingi za kazi zinafia huko kabla hazijamfikia msuluhishi.

Huku kwetu mtu akiachishwa kazi haulizwi "unaendeleaje?" Anaulizwa "kwani umefanya nini?" Ndiyo maana anajificha. Mjomba wangu alikuwa karani kwenye ghala la kokoa. Siku moja akaambiwa kesho usije. Hakuna barua, hakuna kikao. Miezi miwili mizima alikuwa anavaa shati la kazini alfajiri, anapanda baiskeli, anaenda kukaa ufukweni Itungi mpaka jioni. Mkewe alijua siku mchele ulipoisha ndani. Aliponipigia simu chuoni nikahesabu siku: 61.

Sasa sikilizeni. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda na unatoa sababu ya msingi. Haya, mwambieni mwanaume wa Kinyakyusa asimame mbele ya watu aseme "nilikuwa naona aibu." Mjomba hakwenda. Haki yake ikaishia pale ufukweni.

Aibu hii tunailea wenyewe, na wakubwa wanaikuza. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea ripoti ya watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Simtetei aliyeghushi. Lakini baadhi walikata rufaa wakaonekana hawana kosa. Huyo utamrudishia kazi. Je, zile siku mtoto wake alizochekwa shuleni utazirudisha vipi?

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, yakikukuta fanya hivi.

Siku hiyohiyo mwambie mtu mmoja unayemwamini. Mmoja tu anatosha. Siri ndiyo inayoua, kuliko hata njaa.

Lia. Hata msiba una matanga yake, lakini siku ya kuanua tanga inafika. Jipe siku zako chache, halafu nyanyuka. Na usizimalizie kilabuni. Pombe itakula hata ile pesa kidogo uliyobaki nayo.

Kusanya karatasi: mkataba, barua, stakabadhi za mshahara, hata meseji za bosi. Kushika faili mkononi kunarudisha akili, unaacha kujiuliza "mimi nina kasoro gani?" unaanza kuuliza "walifuata utaratibu?"

Nenda NSSF. Kama ulichangiwa miezi isiyopungua 18 na hukuacha kazi mwenyewe, kuna fao la kukosa ajira. Si hisani ya mtu. Ni jasho lako.

Na sisi tuliobaki na kazi, au tunaosoma kama mimi? Mwenzako akipotea vikaoni, mfuate nyumbani, iwe Ipinda, Matema au Kasumulu. Usiende na mahubiri, nenda na kilo mbili za mchele, kaa naye. Akikwambia haoni sababu ya kuishi, usimwache peke yake usiku huo; kesho mpeleke hospitali.

Makamanda, serikali inapenda kututangazia ajira zilizopatikana. Tuidai ituambie na zilizopotea, na tuwadai waajiri mikataba ya maandishi, maana sheria inawataka watoe masharti ya kazi kwa maandishi. Lakini madai hayo hayabebwi na mtu aliyejificha ufukweni. Tuwatoe wenzetu huko kwanza, kabla siku ya 30 haijafika.

Mapambano yanaendelea.