Kiwanja cha Leo, Hati ya Kesho

Anayetoka Mwanakwerekwe kuelekea Fuoni, au akapinda kwenda Tomondo na Kwarara, huiona misingi ya nyumba kila pahala. Mingine imeota majani hadi kiunoni. Mingine imefika kwenye linta ikasimama hapo, madirisha matupu, na mpapai umejiotea katikati ya kile kilichokusudiwa kuwa ukumbi. Kila msingi una fedha za mtu: mwalimu wa skuli, mhudumu wa hoteli ya Kiwengwa, muuza vitambaa wa Darajani, kijana aliyeko Muscat anayemtumia kaka yake kila mwisho wa mwezi. Na wengi wa watu hao, wakati msingi unaota majani, bado wanalipa kodi ya chumba na ukumbi mjini.

Hapo ndipo swali la nyumba linapouma Unguja. Mtu anunue sasa, kabla bei haijapanda tena, au aendelee kukodi na kusubiri?

Hoja ya madalali inajulikana: nunua leo, kesho hupati. Na takwimu zinawasaidia. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,889,773, ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita za mraba 1,700, na sehemu kubwa yake ni jiwe la maweni lisilolimika. Watu wanaongezeka, ardhi ni ile ile. Kusema bei itapanda si uongo wa dalali.

Lakini dalali anaanzia katikati ya hadithi. Mwanzo wake ni kujua kinachouzwa ni kitu gani hasa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma chini ya Serikali. Wakulima waligaiwa mashamba ya eka tatu tatu, walime na kuishi. Sheria ya umilikaji ardhi ya mwaka 1992 ikaendeleza msingi huo: Mzanzibari hupewa haki ya matumizi ya ardhi, na mgeni hupewa ukodishwaji wa muda maalumu. Kwa hiyo mtu anayesema amenunua kiwanja cha futi 40 kwa 60 pale Kwarara, kwa lugha ya sheria amehamishiwa haki ya kukitumia pamoja na vilivyomo juu yake. Kama aliyemuuzia hakuwa na haki hiyo, basi amehamishiwa kitu ambacho muuzaji hana.

Hili linatokea mno pembezoni mwa mji, kwa sababu sehemu kubwa ya vitongoji hivyo vipya ilikuwa mashamba ya eka tatu. Mashamba yale yalitolewa kwa kilimo, hayakutolewa yakatwe vipande na kuuzwa. Lakini mji ulipoyafikia, mikarafuu na minazi ikakatwa, kamba zikapigwa, viwanja vikauzwa. Mnunuzi hutoka na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, imetiwa saini na mashahidi wawili na kupigwa muhuri wa sheha, kiongozi wa mtaa. Karatasi hiyo ina uzito wake. Inaonyesha kwamba watu walikubaliana na mtaa unajua. Hati ya Kamisheni ya Ardhi ni jambo jingine, na wanunuzi wengi hulijua hilo siku anapotokea mtu wa pili ana karatasi kama yake, ya kiwanja kile kile. Safari inayofuata ni ya Mahakama ya Ardhi, na huko miaka hupita huku msingi ukiota majani.

Tofauti ya kuwa na kuta na kuwa na haki ya ardhi chini ya kuta hizo ni ya zamani hapa. Katika miaka ya 1920 wakaazi wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, walijenga vibanda vyao wenyewe, lakini ardhi ilikuwa ya wengine, na kila mwezi wenye ardhi waliwadai kodi ya kiwanja. Kodi ilipozidi kupanda, mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kina juu ya mgomo ule, namna ulivyoishughulisha serikali ya kikoloni hata ikalazimika kuwawekea mipaka wenye ardhi. Wale waliogoma walikuwa na nyumba. Kilichowaweka roho juu ni kwamba hawakuwa na neno juu ya ardhi zilipojengwa.

Tuje kwenye fedha. Nchi nyingine mtu hununua nyumba kwa mkopo, akalipa polepole akiwa ndani yake. Tanzania mkopo wa nyumba upo, na tangu 2010 ipo kampuni ya TMRC inayozipatia benki mitaji ya mikopo ya muda mrefu. Tatizo ni riba, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue mfano wa mtu anayekopa shilingi milioni 60 kwa asilimia 17, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atalipa kiasi cha shilingi 923,000, na hadi siku ya mwisho atakuwa ametoa zaidi ya milioni 166. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Hata mume na mke wakikusanya mishahara miwili ya aina hiyo hawalifikii lile rejesho, na bado hawajala.

Isitoshe, kwa Waislamu walio wengi Unguja, riba ni haramu kabla ya kuwa ghali. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ilifungua huduma za Kiislamu mwaka 2011, na katika murabaha benki huinunua nyumba kisha humuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida, ikajulikana yote siku ya kwanza. Huo ni unafuu wa kweli kwa dhamiri ya mtu. Kwa mfuko wake, bado inabidi aulize jumla ya bei hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu rejesho la mwezi linaweza kupendeza huku jumla ikitisha. Na benki yoyote, ya riba au isiyo ya riba, itaomba hati. Karatasi ya sheha haiwekwi rehani.

Ndiyo maana watu hujenga kidogo kidogo. Mwezi huu matofali, mwezi ujao saruji, mwakani mabati. Njia hii imewapa maelfu ya familia za Unguja nyumba zisizodaiwa na mtu, na inastahili heshima. Lakini ina gharama isiyotajwa. Milioni kadhaa zilizolala kwenye msingi kwa miaka saba hazimlazi mtu hata usiku mmoja, na miaka yote hiyo kodi ya mjini inaendelea. Mchanga wa kujengea nao umekuwa adimu kisiwani, hadi Serikali ikaudhibiti uchimbaji wake kwa vibali, na anayejenga taratibu huukuta kila mwaka una bei mpya. Anayejua kwamba hataweza kuezeka ndani ya miaka miwili au mitatu, afadhali ajipe muda wa kuikusanya fedha kuliko kuizika.

Mji Mkongwe una hesabu zake. Humo mna majengo yapatayo 1,700, na tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nyumba ya Kiponda au Sokomuhogo ikitajwa kuuzwa, swali ni nani mwenye haki ya kuiuza. Nyingine ni wakfu, zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mali ya wakfu haiuzwi kwa mtu yeyote. Nyingine ni za mirathi isiyogawiwa: babu alifariki zamani, warithi wamefika kumi na watano, wengine wako Dar es Salaam, wengine Muscat, wengine London, na anayeuza ni mmoja wao. Nyingine anayekaa ndani ni mpangaji tu, naye anataka kilemba ili ampishe mwingine. Mwenye kutoa kilemba amelipia nafasi ya kukodi, hajanunua nyumba, hata kama kiasi alichotoa kingemjengea vyumba viwili Dimani.

Na aliyeipata kihalali hajamaliza. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, vinataka kutunzwa kila mwaka. Maji ya mvua yakipenya paani, boriti huoza. Fundi akiziba ufa kwa saruji badala ya chokaa, unyevu hunaswa ndani na ukuta huliwa taratibu. Kibali cha ukarabati kinatoka kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wawili walipoteza maisha. Hilo lilikuwa jengo la Serikali lenye wafadhili. Familia yenye mshahara mmoja ijiulize mara mbili.

Upande wa Fumba, nyumba mpya zinajengwa na hati zake zinaeleweka zaidi. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, na mgeni anayenunua katika mradi ulioidhinishwa kwa dola 100,000 au zaidi hupata fursa ya kibali cha ukaazi. Bei zake zimepangwa kwa macho ya wanunuzi hao. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Mwenye mshahara wa shilingi aliyeahidi kulipa kwa awamu za dola aliiona nyumba yake ikipanda bei bila kuongezwa hata kitasa.

Je, kukodi ndiyo salama? Hapana, si kama kunavyofanyika sasa. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, makubaliano mara nyingi ni ya mdomo, na watalii zaidi ya 700,000 waliokuja mwaka 2024 wamewafanya wenye nyumba wa Shangani, Paje na Nungwi wahesabu kwa usiku badala ya kwa mwezi. Mpangaji hupewa notisi ya wiki chache akaondoka na watoto katikati ya muhula. Hofu hiyo, zaidi ya tamaa ya faida, ndiyo inayowasukuma watu kununua kiwanja chochote kwa karatasi yoyote. Miaka ya 1970 majumba ya Michenzani yalijengwa ili waliobomolewa vibanda vyao vya Ng'ambo wapate pa kukaa bila kulipa. Leo Shirika la Nyumba Zanzibar na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, wangejenga nyumba nyingi zaidi za kukodisha kwa mikataba ya miaka mitano au kumi, pamoja na zile za kuuza, shinikizo hilo lingepungua sana. Sheria ya kumlinda mpangaji mwenye kulipa kwa wakati ingefanya mengi zaidi, na haihitaji hata tofali moja.

Kukodi kuna faida moja inayosahauliwa. Mtu anaweza kukodi mtaa ule ule anaotaka kununua, akaupitisha msimu mmoja wa masika. Atayaona maji yanapotuama, kama yalivyotuama Mwanakwerekwe kwa miaka mingi mvua kubwa ziliponyesha. Atajua kama mfereji unatoa maji, na atasikia kwa majirani shamba lile lilikuwa la nani kabla halijakatwa viwanja.

Anayelipa kodi sasa hivi Mwembetanga au Kikwajuni, na jana ameonyeshwa kiwanja Kwarara na dalali mwenye haraka, aendelee kulipa kodi yake. Aulize jina la aliyepewa eka tatu zile, warithi wake wote wako wapi, na kama wamekubali kuuza. Kisha aende Kamisheni ya Ardhi na vielelezo vya kiwanja hicho aulize kimesajiliwa kwa nani. Arubuni isubiri hadi atakaporudi na jibu.