Majani katika njia zetu za changarawe: mikono mingi, si sumu

Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, mwanzo wa msimu wa mvua



Katibu ameniomba niongee juu ya majani yanayoota katika njia za changarawe za kiwanja chetu. Nimesikia wengine wakicheka: "Agronomu, tuko na shida ya mbegu, tuko na shida ya pesa ya shule, na wewe unatuletea maneno ya majani ya njia?" Ndiyo, nayaleta, kwa sababu leo mchana mutapiga kura juu ya pesa ya sanduku. Kuna pendekezo la kununua dawa ya kuua majani, bidoni moja sasa na nyingine baadaye. Ile pesa ni michango yenu. Kabla ya kuitoa, tuelewane kwanza.

Njia hii si pambo. Wengi wenu mulirudi kutoka Lugufu na Nyarugusu mukakuta viwanja vimekuwa pori, na mukajenga upya kidogo kidogo. Kabla ya changarawe, mvua ikinyesha, kutoka barabarani mpaka hapa ukumbini ilikuwa matope matupu. Mwenzetu anayetumia kinga ya magurudumu matatu alikuwa anabebwa mgongoni, mtu mzima, mbele ya watoto. Leo anaingia mwenyewe. Mama mwenye ndoo kichwani anatoka kisimani bila kuteleza. Majani yakifunika njia, udongo unashika kati ya mawe, maji yanakosa pa kupita, na matope yanarudi. Hiyo ndiyo hasara tunayoikimbia.

Tupige hesabu. Njia iko na urefu wa mita 40 na upana wa mita 1 na nusu, changarawe ikiwa unene wa sentimita 5. Hiyo ni mita za ujazo 3, yaani karibu buruweti 50 zenye kubeba lita 60 kila moja. Wale mumevunja mawe kwa nyundo munajua buruweti 50 ni migongo mingapi.

Sasa, majani yanatoka wapi? Watu wengi wanasema yanatoka chini, yanatoboa mawe. Yako machache ya namna hiyo, nitayafikia. Lakini mengi yanatoka juu. Upepo unaleta vumbi, miti inaangusha majani yake yanaoza, mvua inateremsha udongo wa bustani, viatu vyetu vinaleta matope ya shamba. Hayo yote yanakaa kati ya mawe na kuwa kitanda kizuri. Halafu mbegu inaanguka. Angalia kishona nguo, ile inayoshika katika pagne na suruali: mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 3,000 na zaidi, na unaanza kutoa maua karibu wiki 6 tu baada ya kuota. Ukiuacha mpaka ukauke, umeshapanda kiwanja kizima bila jembe.

Ndiyo maana hata lile wazo la kutandika bache chini ya changarawe halimalizi shida. Bache inazuia kidogo yanayotoka chini, lakini udongo unaokusanyika juu yake unaotesha kama kawaida. Mizizi inashikana na plastiki, ukivuta jani unapasua bache, na baada ya muda unabaki na vipande vya plastiki bustanini.

Tuje kwenye dawa. Inayouzwa sana sokoni ni ya glifosati. Inaua jani lililo mbele yako, hilo ni kweli. Lakini haiui mbegu zilizolala kati ya mawe. Mvua ikirudi, mbegu zinaota, na wewe unarudi dukani. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunanunua mara moja tumalize. Tutanunua kila msimu. Mwaka wa 2015, shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya OMS liliiweka glifosati katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa kwa binadamu. Wataalamu wengine wanabishana na hilo, lakini sisi hatuna glavu, hatuna maski, na mpulizaji wetu angekuwa kijana mwenye kandambili.

Iko nyingine mbaya zaidi, ya parakwati. Kiasi kidogo tu kikimezwa kinaweza kuua mtu, na hospitali haina dawa ya kuipinga. Ulaya waliipiga marufuku tangu mwaka wa 2007. Na munajua namna yetu ya kuuza: dawa inatolewa katika bidoni kubwa, inawekwa katika chupa ya soda, bila karatasi yoyote ya kueleza. Mtoto ana kiu, anaona chupa ya Fanta chini ya kitanda. Nafikiri nimesema ya kutosha.

Tena angalia jirani wa njia ni nani. Mkono wa kushoto iko bustani ya mama, na lengalenga inaota yenyewe mpaka katika changarawe. Watu wanaichuma, wanapika. Nani atawaambia ile ya jana ilipulizwa? Mbele kidogo iko kisima. Kwa sababu hiyo hiyo tusimwage chumvi, wala mafuta machafu ya moto yanayotoka kwa mafundi wa pikipiki. Chumvi inateremka na mvua, inachoma mboga. Mafuta yanakaa katika udongo miaka, na kisima tunakinywa sote.

Basi tufanye nini? Mambo sita, hakuna la kununua sana.

Kwanza, kingo. Tupange mawe makubwa au matofali pande mbili, na mfereji mdogo upande wa bustani, ili udongo usiingie njiani. Njia iwe juu kidogo kuliko bustani. Kazi hii ni ya mara moja, na ndiyo inayopunguza majani kuliko zote.

Pili, kufagia. Majani ya miti yasilale juu ya changarawe mpaka yaoze. Yapelekwe kwenye shimo la mbolea.

Tatu, reki. Mara moja kwa wiki, asubuhi ya siku yenye jua, tukwangue changarawe juu juu. Vimelea vidogo vyenye majani mawili vinapinduliwa, na saa sita mchana vimekufa. Jani dogo halihitaji nguvu. Ukingoja liwe kubwa, ndipo linakutaka mgongo.

Nne, yaliyokua tuyang'oe baada ya mvua, udongo ukiwa laini, tuvute na mzizi, na kabla ya maua. Yenye mbegu yasiende kwenye mbolea, maana tutayarudisha bustanini wenyewe. Tuyakaushe mbali, tuyachome.

Tano, yale yanayotoka chini kweli: ndago na urwiri. Ndago ukiivuta inakatika, na vile vidonge chini ya ardhi vinaotesha upya. Usikwangue tu. Sogeza mawe, chimba na chuma chenye ncha, utoe vidonge vyote, kisha rudisha mawe. Kimoja kikibaki, rudi baada ya wiki mbili ukate tena. Mmea unaokatwa kila mara unamaliza chakula chake cha chini. Kuuchosha ndiyo dawa yake. Mama akiwa ametoka kupika maharagwe na maji ya moto yamebaki, ayamwage juu ya vimelea vidogo. Ila tusiwashe makala kwa ajili hiyo tu.

Sita, kila mwisho wa kiangazi, mwezi wa 8, kabla mvua hazijaanza, tujaze changarawe mahali imepungua.

Sasa neno gumu. Nani atafanya? Nikitazama kiwanja hiki, naona tukisema "chama kitafanya", wanaoinama ni mama walewale watano. Papa wanabaki chini ya mti kujadili ripoti. Samahani wazee, lakini ni ukweli, na tuko familia. Turudi kwenye hesabu: njia yote ni mita za mraba 60. Tukiwa watu 30 katika mkutano, kila mmoja anapata mita za mraba 2. Hiyo ni dakika 10, pengine chini yake. Tufanye mwanzoni mwa kila mkutano, kabla ya sala na kabla ya hesabu, rais wa chama akiwa wa kwanza kuinama. Wazee na wagonjwa wakae, wahesabu mita zetu.

Kwenu marafiki mnaotutumia msaada: changarawe mulitusaidia, na tunashukuru. Mara nyingi mradi unakuja na pesa ya kujenga, halafu kutunza kunabaki bila mwenyewe, na baada ya miaka miwili wageni wanakuja kupiga picha ya pori. Hatuombi pesa ya kulipa watu wa kung'oa majani. Hiyo ni kazi yetu. Mukipata nafasi, tusaidieni reki tatu, buruweti moja na glavu. Vingine viko hapa.

Pendekezo langu kwa kura ya mchana ni hili: pesa ya bidoni ibaki katika sanduku, tununue reki moja sasa, na kingo zianze Jumamosi kwa salongo. Tujipime miezi mitatu. Njia ikirudi kuwa pori, mutaniita hapa nijibu mbele yenu.

Kama kuna maswali, mikono juu.